Nyota Zilizozeeka Karibu na Kitovu cha Galaksi: Somo la Miale ya Infraredi na Nafasi ya Maelezo katika Uundaji wa Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kubeba somo la sayansi ambalo halijazoeleka katika madarasa yetu, yaani uchunguzi wa nyota kubwa zilizozeeka karibu na kitovu cha galaksi kwa kutumia miale ya infraredi. Somo lenyewe linaelezwa hatua kwa hatua, kuanzia anga la Kwanza katika Trans Nzoia hadi kwenye darubini za Sutherland nchini Afrika Kusini. Kutokana na maelezo hayo, makala yanatetea hoja moja: kwamba istilahi hufuata maelezo wala haiyatangulii. Aidha, yanaonyesha kuwa baadhi ya tofauti ambazo sayansi hii inazihitaji tayari zimo katika Kiswahili, mradi mwandishi azitumie kwa uangalifu.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na sayansi mara nyingi huanzia kwenye orodha ya maneno. Mshiriki mmoja huuliza istilahi fulani ya Kiingereza inaitwaje kwa Kiswahili, wengine hupendekeza majina mawili au matatu, na kikao huishia katika kupima jina lipi lina uangavu zaidi. Vigezo vya kufanyia kazi hiyo tunavyo. Vile vya Kiingi, vinavyojulikana kwa kifupisho PEGITOSCA, vimetumiwa na wanafunzi wengi kupima usahihi, iktisadi, uzalishi, uangavu na ukubalifu wa istilahi. Kasoro haimo katika vigezo hivyo. Imo katika mazoea ya kulipima jina kabla ya kukifahamu kinachotajwa.

Makala haya yanafuata njia tofauti. Yanachukua mada moja ya elimu ya nyota na kuieleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi matokeo yake, kisha yanarudi nyuma kutazama ni istilahi zipi zilizohitajika na ni kwa sababu gani. Mada iliyochaguliwa ni ngumu kwa makusudi. Ikiwa Kiswahili kitaweza kueleza jinsi wanasayansi wanavyozisoma nyota zisizoonekana kwa macho, zilizo umbali wa takriban miaka ya nuru 27,000, basi itakuwa vigumu kudai kuwa lugha hii inafaa kwa fasihi na siasa peke yake.

2.0 Anga la Kwanza na Mahali pa Kitovu

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa wa nyota, gesi na vumbi unaoshikiliwa pamoja na nguvu za uvutano. Galaksi yetu huitwa Njia Nyeupe, kwa kuwa tunaiona kama ukanda wa weupe hafifu unaokata anga usiku usio na mbalamwezi. Jua letu ni nyota mojawapo kati ya mabilioni ya nyota zilizomo. Nyota hizo zote huzunguka kitovu kimoja, na kitovu hicho kimo upande wa buruji ya Kausi, karibu na mpaka wake na Akarabu. Majina haya ya buruji si mageni katika Kiswahili. Yaliingia pwani kutoka Kiarabu pamoja na elimu ya falaki.

Eneo la Kwanza, lililo kati ya mji wa Kitale na Mlima Elgon, liko takriban digrii 1 kaskazini mwa ikweta. Kitovu cha galaksi kiko digrii 29 kusini mwa ikweta ya anga. Hesabu hapa ni nyepesi: kinapofika juu kabisa, kitovu hicho huwa digrii 60 kutoka upeo wa kusini wa Kwanza, yaani theluthi mbili ya njia ya kufikia utosini. Jijini London, kitovu hichohicho hakipandi zaidi ya digrii 10 hivi juu ya upeo. Hivyo basi, mkazi wa Kwanza amejaliwa nafasi nzuri zaidi ya kukitazama kitovu cha galaksi kuliko mkazi wa London.

Hata hivyo, nafasi hiyo ina pingamizi mbili. Ya kwanza ni mawingu. Kitovu hufika juu usiku wa manane mnamo mwezi wa Juni, wakati ambapo Trans Nzoia imo katikati ya msimu wake mrefu wa mvua. Mahindi yanapokuwa yamevunwa na anga kuwa jeupe mwezi wa Desemba, Jua nalo limeingia upande uleule wa Kausi, hivyo kitovu huchomoza na kutua pamoja nalo mchana. Pingamizi ya pili ni kubwa zaidi, na haiondolewi kwa kungoja msimu wala kwa kuhamia nchi nyingine. Hata katika usiku ulio safi kabisa, jicho halikioni kitovu chenyewe. Linaona ukanda mweupe wenye mabaka meusi, na kitovu kimefichika nyuma ya mabaka hayo.

3.0 Vumbi na Miale Ipitayo

Mabaka hayo si mashimo yasiyo na nyota. Ni mawingu ya gesi na vumbi. Chembe za vumbi hilo ni ndogo mno, zinazokaribiana kwa ukubwa na chembe za moshi. Wakulima wanapochoma mabua baada ya mavuno, Jua lionekanalo kupitia moshi huwa jekundu. Sababu yake ni kwamba chembe za moshi hutawanya na kuzuia nuru ya buluu zaidi kuliko nuru nyekundu. Nuru husafiri kama mawimbi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Wimbi la buluu ni fupi, la nyekundu ni refu zaidi. Kwa jumla, wimbi likiwa refu kuliko ukubwa wa chembe, hupita kwa urahisi zaidi.

Swali linalofuata ni hili: je, baada ya nyekundu kuna nini? Mnamo mwaka 1800, mwanaastronomia William Herschel, akiwa Uingereza, alipitisha nuru ya Jua kwenye mche wa kioo ili igawanyike katika rangi zake, kisha akaweka vipimajoto katika kila rangi. Alipokiweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali ambapo macho hayakuona chochote, joto lilipanda. Miale isiyoonekana ilikuwa ikifika pale. Miale hiyo ndiyo iitwayo infraredi. Macho ya binadamu huona mawimbi ya urefu wa kati ya mikromita 0.4 na 0.7 hivi, nayo infraredi huanzia hapo na kuendelea hadi milimita moja.

Miale hii tunaijua sote kwa mwili ingawa hatujaiona. Pasi ya makaa ikishaondolewa makaa haing'ai tena, lakini mkono uliosogezwa karibu bila kuigusa huhisi joto. Sehemu kubwa ya joto linaloufikia mkono huo kwa mbali ni miale ya infraredi. Rimoti ya televisheni nayo hutuma amri zake kwa miale ya aina hiyohiyo.

Tukirudi kwenye anga, faida ya infraredi inaweza kusemwa kwa tarakimu. Kati ya kila chembe trilioni moja za nuru ya kuonekana zinazotoka kwenye kitovu cha galaksi na kuelekea kwetu, ni takriban moja tu inayovuka vumbi na kutufikia. Kwa infraredi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 2.2, hufika takriban moja kati ya kila kumi hadi kumi na tano. Tofauti hiyo ndiyo iliyowawezesha Eric Becklin na Gerry Neugebauer nchini Marekani kutangaza mwaka 1968 kuwa wamekipima kitovu cha galaksi kwa infraredi.

4.0 Nyota Kongwe na Nyota Iliyozeeka

Kabla ya kueleza nyota zilizoonekana huko, sharti tufahamu maana ya kusema kuwa nyota imezeeka. Nyota kama Jua hung'aa kwa sababu viini vya hidrojeni huungana katika sehemu yake ya ndani na kuwa heliamu, na muungano huo hutoa nishati. Hidrojeni ya ndani inapokwisha, sehemu hiyo husinyaa na kuzidi kupata joto, ilhali tabaka za nje hupanuka na kupoa. Nyota huvimba mara nyingi zaidi ya ukubwa wake wa awali na kuwa jitu jekundu. Baadaye heliamu nayo hugeuka kuwa kaboni na oksijeni, na nyota huvimba kwa mara ya pili. Jua letu, lenye umri wa takriban miaka bilioni 4.6, litaanza safari hiyo baada ya miaka bilioni 5 hivi.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotupa msaada ambao wengi hatuutumii. Maneno ‘kongwe’ na ‘iliyozeeka’ hubadilishana nafasi katika mazungumzo ya kila siku, lakini hayana maana moja. Kongwe ni kile kilichokaa miaka mingi. Kilichozeeka ni kile kilichofika mwishoni mwa maisha yake, iwe miaka hiyo ni mingi au michache. Mkulima wa Kwanza hahitaji kufundishwa tofauti hii. Mhindi wa miezi saba umezeeka na kukauka shambani, ilhali mwembe wa miaka saba bado ni mti mchanga.

Nyota nazo zina tofauti hiyohiyo. Nyota yenye maada nyingi huchoma akiba yake kwa kasi, hivyo huzeeka mapema. Antares, ile nyota nyekundu ing'aayo katika Akarabu, hukadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 10 na 20. Nyota hiyo imezeeka, lakini si kongwe. Jua limeishi mamia ya mara zaidi ya Antares, hivyo ni kongwe likilinganishwa nayo, lakini halijazeeka. Mwanafunzi atakayetafsiri makala ya sayansi na kuandika ‘nyota kongwe’ pale panapostahili ‘nyota zilizozeeka’ hatakuwa amekosa ufasaha tu. Atakuwa amesema jambo la uongo kuhusu anga, na kama tutakavyoona, atakuwa ameufuta ushahidi ambao watafiti waliutafuta kwa miaka mingi.

Majitu mekundu yaliyo katika hatua ya mwisho yana tabia tatu zinazohusu makala haya. Kwanza, uso wao una joto la takriban kelvini 3,000 au chini ya hapo, ilhali uso wa Jua una karibu kelvini 5,800. Kitu chenye joto la kelvini 3,000 hutoa sehemu kubwa ya nishati yake katika infraredi. Pili, majitu haya hupuliza gesi nje, na gesi hiyo inapopoa huganda na kuwa vumbi linaloizingira nyota yenyewe. Vumbi hilo huifyonza nuru ya nyota, hupata joto, kisha huitoa nishati hiyo tena kama infraredi. Tatu, hutanuka na kusinyaa kwa mpigo wa polepole, na mwangaza wao hupanda na kushuka katika vipindi vya siku 100 hadi 1,000 hivi. Nyota ya kwanza ya aina hii kutambuliwa ni Mira, ambayo mabadiliko yake yaliandikwa na David Fabricius mwaka 1596. Kipindi chake ni takriban siku 332. Kutokana nayo, kundi zima huitwa nyota aina ya Mira.

Ni dhahiri basi kwa nini infraredi na nyota zilizozeeka huenda pamoja. Nyota hizi hung'aa zaidi katika miale ileile inayoweza kuvuka vumbi la galaksi. Vumbi linaficha karibu kila kitu kilicho kwenye kitovu, lakini haliwezi kuyaficha majitu haya.

5.0 Kutoka Kipindi hadi Umbali

Thamani ya nyota aina ya Mira haitokani na kuonekana kwake tu. Chukua mfano wa taa mbili zinazoonekana ng'ambo ya bonde usiku. Moja inaweza kuwa koroboi iliyo karibu, nyingine karabai iliyo mbali, na zote mbili zikaonekana kuwa na mwangaza sawa. Mtazamaji hawezi kukadiria umbali mpaka ajue ni taa ya aina gani. Akishajua kuwa ile ni karabai, na kwa kuwa taa ikisogezwa umbali mara mbili mwangaza wake hupungua mara nne, basi atapata umbali kwa hesabu.

Kwa nyota aina ya Mira, kinachotambulisha taa ni kipindi chake. Mwaka 1981, Ian Glass na Tom Lloyd Evans, wakifanya kazi Afrika Kusini, walionyesha kuwa nyota aina ya Mira zilizomo katika Wingu Kubwa la Magellan hufuata kanuni: kipindi kikiwa kirefu, mwangaza halisi wa nyota katika infraredi huwa mkubwa. Wingu hilo ni galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, umbali wa takriban miaka ya nuru 160,000. Kwa kuwa nyota zake zote ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, tofauti za mwangaza wao ni tofauti za taa zenyewe. Wingu hilo huonekana pia kutoka Kwanza, chini upande wa kusini, katika usiku mweupe wa Desemba na Januari.

Kanuni hiyo ilipelekwa kwenye kitovu cha galaksi kutoka Sutherland, katika nyanda kavu za Karoo. Ukavu huo una umuhimu wake, kwa kuwa mvuke wa maji hewani huifyonza infraredi. Isitoshe, kutoka Sutherland kitovu cha galaksi hupita karibu na utosi. Mwaka 2001, Glass na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa miaka minne uliotambua zaidi ya nyota badilifu 400 katika eneo dogo linalokizunguka kitovu. Darubini nyingine ya hapohapo, yenye kioo cha mita 1.4 na iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Nagoya cha Japani kwa ajili ya infraredi, ililipiga picha eneo la aina hiyo tena na tena katika miaka iliyofuata.

Noriyuki Matsunaga na wenzake walitoa matokeo yake mwaka 2009. Katika kipande cha anga kilicho kidogo kidogo kuliko uso wa mwezi mpevu, walipata nyota badilifu 1,364, zikiwemo 348 zilizokwisha kutambuliwa na Glass na wenzake. Kati ya hizo, nyota 143 aina ya Mira zilikuwa na vipimo vya kutosha kukadiria umbali na pia kiasi cha vumbi lililo njiani. Nyingi zilionekana kuwa katika umbali mmoja, na umbali huo ulikuwa takriban miaka ya nuru 26,900, pamoja na uwezekano wa kupungua au kuzidi kwa miaka ya nuru 1,400 hivi.

Kipimo hicho kingeweza kutiliwa shaka laiti kingekuwa peke yake. Lakini mwaka 2019 kundi la watafiti wanaotumia chombo kiitwacho GRAVITY nchini Chile lilifika kwenye kitovu kwa njia tofauti kabisa, yaani kwa kufuatilia mzunguko wa nyota moja inayolizunguka shimo jeusi la pale katikati kila miaka 16. Walipata takriban miaka ya nuru 26,700. Njia mbili zisizotegemeana zilikubaliana.

6.0 Kutoka Kipindi hadi Umri

Funzo la pili la nyota hizi linarudi kwenye tofauti ya kongwe na iliyozeeka. Nyota zote aina ya Mira zimezeeka, lakini hazilingani kwa umri. Zilizoanza na maada nyingi huzeeka mapema, nazo huwa na vipindi virefu. Zilizoanza na maada kidogo huchelewa kuzeeka, nazo huwa na vipindi vifupi zaidi. Kwa hiyo kipindi hutufunulia, kwa makadirio, nyota ilizaliwa lini. Kundi la nyota zilizozeeka huwa kama rejista ya kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 2024, Jason Sanders na wenzake, Matsunaga akiwa mmoja wao, walitumia rejista hiyo kujibu swali kuhusu historia ya galaksi yetu. Katikati ya Njia Nyeupe pana umbo refu la nyota mfano wa upau. Upau huo ulipoundwa, uliisukuma gesi kuelekea ndani, na gesi hiyo ikazaa nyota zilizojipanga kama sahani kuzunguka kitovu. Kwa kulinganisha mwendo wa nyota aina ya Mira za vipindi mbalimbali, watafiti walitafuta ni tangu umri gani nyota zinaonekana kuwa sehemu ya sahani hiyo. Jibu lao lilikuwa takriban miaka bilioni 8. Kwa maneno mengine, upau wa galaksi yetu ulikuwapo mabilioni ya miaka kabla ya Jua kuzaliwa.

Utafiti huu wote umesimama juu ya kuelewa kuwa kitu kinaweza kuzeeka bila kuwa kongwe. Lugha isiyotofautisha mambo hayo ingelazimika kwanza kuunda istilahi. Kiswahili kinachohitaji ni mwandishi makini.

7.0 Jina Bila Maelezo: Mfano wa Uhuru

Kinyume cha hali hiyo pia kipo katika historia yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Kwa kuwaenzi wenyeji wake, ilipewa jina Uhuru. Orodha yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei, na Riccardo Giacconi, aliyeuongoza mradi huo wa kisayansi, alishiriki tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Eksirei zenye nguvu, sawa na infraredi, zina uwezo wa kuvuka vumbi lifichalo kitovu cha galaksi.

Neno la Kiswahili lilifika angani mapema namna hiyo, tena katika kazi ya kuchunguza miale isiyoonekana. Hata hivyo, matokeo ya kazi hiyo yaliandikwa kwa Kiingereza. Jina lilikuwa letu, maelezo hayakuwa yetu. Mfano huu unatufunza kuwa kutoa jina si sawa na kumiliki maarifa, na onyo hilo linamhusu pia mwanafunzi wa Kiswahili anayeridhika na orodha ya istilahi.

Neno ‘eksirei’ lenyewe lina funzo jingine. Halina uangavu wowote kwa Mswahili, kwa kuwa limetoholewa tu. Hata hivyo, karibu kila mtu aliyewahi kuvunjika mfupa analielewa. Halikueleweka kwa sababu ya umbo lake, bali kwa sababu watu walikutana na jambo lenyewe hospitalini, wakaelezwa, na jina likaambatana na maelezo.

8.0 Istilahi Baada ya Maelezo

Baada ya kueleza somo, sasa tunaweza kupima istilahi zilizotumika.

(a) Infraredi. Mshindani wake ni tafsiri kama vile ‘miale ya chini ya nyekundu’. Tafsiri hiyo inaonekana kuwa na uangavu, lakini inapotosha kwa njia mbili. Neno ‘chini’ humfanya msomaji afikirie mahali, ilhali linalokusudiwa ni masafa ya mtetemo yaliyo madogo kuliko ya nyekundu. Neno ‘nyekundu’ nalo humfanya adhani kuwa miale hiyo ina rangi. Hapa utohozi una usahihi zaidi, na uangavu unaopungua hufidiwa na mfano wa pasi.

(b) Kitovu na kiini. Maneno haya hutumiwa yote kwa maana ya sehemu ya katikati. Inafaa ‘kiini’ kibakie kwa sehemu ya ndani ya atomu au ya nyota, na ‘kitovu’ kitumike kwa mahali ambapo vitu vingine hupazunguka. Tukizichanganya, sentensi kama ‘viini vya nyota zilizo kwenye kitovu cha galaksi’ haitaeleweka.

(c) Jitu jekundu. Istilahi hii ni sitiari, na sarufi yetu huilinda. Tukiipatanisha katika ngeli ya LI-YA, tukasema ‘jitu limepanuka’ wala si ‘jitu amepanuka’, tunamkumbusha msomaji kuwa hatuzungumzii kiumbe wa hadithi.

(d) Unajimu, falaki na astronomia. Neno ‘unajimu’ limekuwa likibeba maana ya elimu ya nyota na pia ya kupiga ramli kwa nyota. Maana ya pili ndiyo iliyotawala katika matumizi ya kawaida. Kwa sababu hiyo, ‘astronomia’ au ‘elimu ya nyota’ hufaa zaidi kwa sayansi hii, na ‘falaki’ ikapewa heshima yake katika kuzungumzia urithi wa hesabu za kalenda, majira na ubaharia.

Ikumbukwe kuwa hakuna hata uamuzi mmoja kati ya hii minne ambao ungefikiwa kwa kutazama neno la Kiingereza na kulitafutia kisawe. Kila mmoja umetokana na kujua kitu kinachozungumziwa kinafanya nini.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa vumbi huficha kitovu cha galaksi yetu, kwamba infraredi hulivuka vumbi hilo, na kwamba nyota zilizozeeka hung'aa zaidi katika miale hiyo. Vilevile yameonyesha kuwa kipindi cha mabadiliko ya nyota hizo kimetumika kupima umbali wa kitovu na kukadiria umri wa upau wa galaksi. Maelezo haya yamehitaji maneno machache tu ya kutoholewa. Sehemu kubwa imebebwa na msamiati ambao mwanafunzi wa Kitale au Bungoma anao tangu utotoni.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kuwa mwanafunzi anayefanya utafiti wa istilahi katika fani yoyote aambatanishe na orodha yake angalau maelezo mamoja kamili ya mada, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kusomwa na mtaalamu wa fani hiyo. Istilahi itakayoshindwa kufanya kazi ndani ya maelezo hayo iachwe, hata ikiwa imefaulu katika vigezo vingine. Idara za Kiswahili na za fizikia katika vyuo vyetu mara nyingi zimetenganishwa na ukumbi mmoja tu, na kazi hii inahitaji mtu wa kuuvuka.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa kutumia mifano miwili kutoka fani ya kilimo au tiba, fafanua tofauti kati ya ‘kongwe’ na ‘-liozeeka’. Je, kamusi ulizo nazo zinaidhihirisha tofauti hiyo?
2. Linganisha ‘infraredi’ na ‘eksirei’ kwa vigezo vya usahihi, uangavu na ukubalifu.
3. Andika aya moja ukimweleza mkulima asiyejua Kiingereza jinsi kipindi cha nyota kinavyoweza kufichua umbali wake. Usitumie istilahi yoyote ambayo hujaieleza kwanza.